Kiangazi cha mwambao: bustani ya mama, madumu 28 kwa siku, na mchicha unaofuata giza la wavuvi

Wakuu, mwangaluka.

Kuna mdau aliuliza kwenye uzi mwingine kama inalipa kurudi kijijini kulima bustani kando ya ziwa. Nilimjibu kwa mistari miwili ya kejeli. Baadaye nafsi ikanisuta, maana swali hilohilo niliuliza mimi mwenyewe kabla sijarudi, na walionijibu hawakuwa wamewahi kubeba hata ndoo moja. Kwa hiyo nimefungua uzi wake. Nitaandika kidogokidogo, jioni nikishamwagilia, bando likiruhusu.

Nipo upande wa Magu, mwambao wa Ghuba ya Speke. Kijiji sikitaji. Kutoka bustani ya mama hadi majini ni hatua mia na kitu. Nimezihesabu mara nyingi kuliko nilivyohesabu hela mwaka huu.

Masika ilituaga Mei. Vuli kwa kawaida tunaitegemea Oktoba. Agosti na Septemba ndiyo mkia wa kiangazi, na mkia ndio unaouma. Nyasi zimekuwa rangi ya mkate, ng'ombe wanapita wakinusa ua wa miiba kwa tamaa, vumbi la barabarani linakaa kwenye majani ya mpapai mpaka unaweza kuandika jina lako. Asubuhi ni tulivu. Ikifika saa nne, saa tano hivi, nchi kavu imeshapata moto kuliko maji, upepo unaanza kuingia kutoka ziwani. Mgeni anaufurahia, anasema ubaridi mzuri. Mimi nauona ukipita juu ya mboga na kuondoka na maji niliyobeba alfajiri.

Udongo wetu ni luseni, mchanga mwepesi uliomeguka kwenye haya mawe makubwa ya matale yanayowapa watu wa Mwanza sifa. Unalimika kwa urahisi, hata mtoto anaweza. Ila haushiki maji. Ukimwaga ndoo unasikia inavyomezwa.

Ndiyo maana huku wakati wa kiangazi hatuinui matuta. Tunachimba majaruba, yaani kitanda cha mboga kinakuwa chini ya usawa wa njia, kina cha kiganja kimoja hivi, ili maji yasikimbie na upepo upite juu. Mimi nilipofika na elimu yangu ya mjini niliinua matuta mazuri, marefu, yamenyooka kwa kamba. Mama akayatazama, akasema, "Baba, hayo ni ya masika." Akaendelea na kazi zake. Baada ya wiki tatu nilikuwa nachimba.

Naendelea kesho.

Mdau wa Buhongwa: Nimekaa mbele kabisa. Ila mkuu, ziwa lipo hatua mia halafu unalia maji? Si ungelima palepale ukingoni?

Nilijua litakuja hilo.

Mama alikuwa na vitanda sita chini kabisa, karibu na matete. Pale ulikuwa hubebi, unachota unamwaga. Mwaka 2020 ziwa likapanda kuliko ilivyowahi kupimwa, likaipita hata rekodi ya 1964 ambayo wazee walikuwa wanaisimulia kama hadithi. Sukuma wiki yake ilisimama majini hadi kiunoni, yaani kiuno cha sukuma wiki, samaki wadogo wanapita katikati ya vikonyo. Maji yaliporudi yaliacha mchanga mweupe na takataka za nailoni. Hatukurudi.

Na hata kama tungetaka, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi huku wanaijua sheria hiyo siku anapokuja mtu na daftari tu. Lakini ukiangalia maji ya ukingoni baada ya mvua kubwa, yamekuwa rangi ya chai ya maziwa kwa udongo wa mashamba, unaona haikuandikwa kwa chuki. Samadi na dawa ninazopulizia mimi, anayezinywa ni jirani yangu anayechota mita 50 kutoka hapo. Na mimi nazinywa za mwingine.

Basi tunabeba. Majaruba ni 14, kila moja mita moja kwa tano, linakunywa madumu mawili ya lita 20 kwa siku, nusu alfajiri na nusu jioni. Hayo ni madumu 28, lita 560. Nina baiskeli ya marehemu baba, inabeba madumu manne: mawili ubavuni, moja kwenye keria, moja kwenye fremu. Safari saba. Haipandwi, inasukumwa. Njia ni mchanga, na pale kwenye mti wa ukwaju kuna kapanda kadogo ambako gurudumu la nyuma linazama. Siku za kwanza niliangusha mzigo wote palepale mara tatu. Watoto wa shule wakapaita mahali hapo kwa jina langu. Bado panaitwa hivyo.

Kilichopunguza kazi ni matandazo. Gugumaji lile lililoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 likawatesa wavuvi, sisi tunalivuta nchi kavu, tunalianika juani mpaka likauke kabisa, halafu tunalitandika kati ya mistari. Usilitandike bichi, linachelewa kufa na linaleta uchafu. Likishakauka linakuwa jepesi kama manyoya, na chini yake unakuta udongo una unyevu hata saa nane mchana. Jaruba lenye matandazo mara nyingi naliruka jioni. Hesabu mwenyewe nimeokoa madumu mangapi kwa mwezi.

Mdau wa Ilemela: Kwa nini usinunue pampu? Siku hizi zipo za bei ya kawaida kabisa.

Hahaha. Karibu kwenye sura ya nyanya.

Mwaka jana nilikwenda Nane Nane pale Nyamhongolo. Wanaozijua bustani za maonyesho wananielewa, hata mchicha pale umesimama kwa heshima kama unasubiri wimbo wa taifa. Nikaona nyanya zimefungwa kwenye kamba, nyekundu, zote saizi moja. Jamaa wa banda akanipigia hesabu kwenye kikokotoo cha simu: miche 400, kila mche kilo kadhaa, bei ya Septemba wakati nyanya zimeadimika. Nikarudi nyumbani nimeshatajirika. Nikauza kamtaji kangu ka duka, nikanunua pampu ya petroli ya mkononi mwa mtu na mipira yake.

Mwisho wa Juni mwaka huu nikapandikiza miche 400. Siku ya kwanza kuwasha pampu nusu ya kijiji walikuja. Maji yakatoka kwa nguvu, yakachimbua miche kama 30, yakasukuma na jaruba la mama la figiri lililokuwa limeota juzi. Mama akasema, "Hiyo mvua ya mawe umeinunua shilingi ngapi?"

Nikajifunza kubana mpira. Mwezi mzima tukaenda vizuri. Halafu pampu ikameza mizizi ya gugumaji, kichujio kikaziba, ikazima. Fundi yuko Kisesa. Siku nne nyanya zikakaa kiu, siku ya tano nikazinywesha kama mlevi. Wiki mbili baadaye matunda makubwa makubwa yana kidonda cheusi kitakoni. Nikakimbilia duka la pembejeo, nikauziwa dawa ya ukungu. Haukuwa ukungu. Kuoza kitako kunatokana na mmea kukosa kalisiamu kwenye tunda, na mara nyingi kalisiamu ipo ardhini, ila maji ya leo yapo kesho hayapo yanaifanya isifike. Ile dawa nilipuliza bure.

Hilo lilikuwa onyo tu. Katikati ya Agosti nikaona majani ya chini yana mabaka meupe, kama mtu amechuna ngozi ya juu ya jani akaacha ya chini. Nikaliinua jani juani. Ndani, katikati ya ngozi mbili, kulikuwa na kiwavi cha kijani mdogo kuliko punje ya mchele, anatembea humo kwa raha zake, na nyuma yake ameacha vinyesi vyeusi kama nukta za kalamu.

Kantangaze.

Mdudu huyu aliingia Tanzania mwaka 2014, na anapenda hali kama hii yetu, joto na ukavu. Nondo mmoja jike anaweza kutaga mayai 200 na zaidi. Dawa unapuliza juu, yeye yupo ndani ya jani. Akimaliza majani anaingia kwenye tunda kwa tobo dogo karibu na kikonyo. Unalichuma kwa nje zuri, unalipasua ndani aibu. Nilitega mabeseni ya maji ya sabuni yenye chambo cha harufu ya jike, nikakuta madume yameelea kama majani ya chai. Ilisaidia kidogo, ila nilikuwa nimechelewa. Mitego unatakiwa uitege nyanya zikiwa changa, ikuambie mdudu amefika. Mimi niliitega wakati mdudu ameshahamia na ukoo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba akatoka kwangu akahamia kwenye mnavu wa mama na biringanya zake kando ya ua. Nyanya, mnavu na biringanya ni ndugu, anayekula mmoja anakula wote. Nikang'oa kila kitu, nikachimba shimo, nikafukia. Miche 400 na mnavu wa mama juu yake. Hakuniambia neno. Alikuja tu na jembe lake akanisaidia kufukia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa.

Mdau wa Sengerema: Pole sana mkuu. Huku nyanya zimetukubali mwaka huu. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatusubiri kivuko tena, tenga linatoka shambani alfajiri, asubuhi lipo Mwanza mjini.

Ndiyo nyinyi mliotufanya hata wachache waliookoa nyanya huku wauze kwa bei ya kutupa. Sina kinyongo. Kidogo tu.

Mdau asiyetaka kutaja aliko: Mleta uzi, kichwa cha habari kinasema mchicha na giza. Tunasubiri uchawi.

Nilikuwa naiweka mwisho hiyo, ila sawa.

Nilipofika niliona mama anasia mchicha kwa kufuata mwezi. Akiuona mwezi mwandamo, kale kakucha kembamba upande wa magharibi baada ya jua kuzama, kesho yake asubuhi anachanganya mbegu na mchanga, anasia majaruba manne kwa mkupuo. Katikati ya mwezi hasii mchicha hata umwambie vipi. Nikajisemea haya ndiyo mambo ya wazee, mwezi unavuta mbegu na kadhalika. Mimi nikasia langu kwa ratiba ya kisomi, nilipopata nafasi.

Mchicha wangu ukatoka mzuri kuliko wake. Nauandika hapa ili ujulikane. Siku ya ishirini na tano nikang'oa, nikafunga mafungu 60, nikapakia kwenye baiskeli, nikaenda mwaloni kuliko na kambi ya dagaa. Fungu shilingi 200. Nikawa nimeshaigawa hela njiani.

Nafika, kimya. Mitumbwi imevutwa juu, mikia majini. Nyavu zimetundikwa. Taa za kuvulia zimepangwa ukutani kama vikombe vya shule. Chanja za kuanikia dagaa tupu, kunguru wawili wanatembea juu yake wakitafuta makombo. Vijana watatu wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Nikauliza watu wako wapi. Mmoja akanyoosha kidole juu bila kuondoa macho kwenye drafti. Ilikuwa saa tatu asubuhi, mwezi wenyewe haupo. Akaona sijaelewa, akasema, "Mbalamwezi, bro. Watu wamekwenda makwao."

Dagaa wanavuliwa gizani. Unawasha taa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, unawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mkubwa taa yako haina kazi, ziwa zima ni taa. Kwa hiyo siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu kambi inapumzika, wavuvi wanakwenda kuona familia, wanawake wa kuanika wanarudi majumbani, mama lishe wanafunga. Giza likirudi, wote wanarudi, wana njaa na wana hela, na hakuna anayelima hata mche mmoja pale mchangani.

Niliuza mafungu 11. Matano nilimpa yule kijana wa drafti na wenzake. Yaliyobaki yalinyauka njiani, bata wakashukuru.

Jioni nikamwuliza mama. Akacheka mpaka akakaa chini. "Sasa baba, nivune wakati walaji hawapo?"

Piga hesabu nami. Mchicha wetu unavunwa kati ya siku ya 21 na 28. Ukisia mwezi ulipoandama, siku ya 14 au 15 mwezi unajaa, mchicha bado mchanga, kambi imelala. Wiki moja baadaye kambi imeamka, giza la mwanzo wa usiku limerudi, mchicha uko tayari. Hapo ni mama mwenyewe anabeba, na anarudi na ungo mtupu kabla jua halijapanda, mara nyingine na dagaa wa mboga juu.

Na ndiyo maana ni mchicha tu. Sukuma wiki inakusubiri, unavunja majani ya chini leo, ya juu yanabaki. Matembele yanakusubiri miezi. Mchicha haukusubiri, ukipitisha wiki umetoa mashuke na umekuwa mgumu kama kamba. Jambo hili hakuna banda lolote Nane Nane lililonieleza, na sitegemei, maana anayeishi mbali na mwalo halimhusu.

Mdau wa Ukerewe: Nathibitisha. Huku kisiwani hata deni unamdai mtu kwa kuangalia mwezi.

Umenichekesha. Ni kweli kabisa.

Mdau wa Ilemela: Na viboko? Nilisikia huko ndio wanaovuna.

Wapo. Tarehe sitaji. Usiku wa saa nane mbwa alibweka mara mbili tu, halafu akaingia chini ya kitanda cha mama. Tukajua. Hatukutoka. Asubuhi jaruba mbili za matembele zimekatwa usawa mmoja kama kwa mashine, majani ya maboga yamekwenda, na kwenye mchanga kuna nyayo, kila moja vidole vinne, kubwa kama sahani ya pilau. Moja ilikuwa imekanyaga katikati ya keni yangu ya kumwagilia. Keni sasa ni sahani pia.

Kiboko mchana yuko majini, usiku anatoka kula nyasi, na kiangazi hiki nyasi ya kijani iko wapi kama si kwa mama? Ana njia yake, anarudi kwa njia ileile. Kitu kimoja tu watu wa mwambao wanakifundisha watoto kabla ya kuhesabu: usisimame kati yake na maji. Asubuhi sichoti kabla sijaona vizuri, na njia yake nimemwachia, nimehamisha ya baiskeli. Tuliripoti ofisi inayohusika, tukaambiwa tuandike barua. Barua tumeandika. Kiboko hajui kusoma, amerudi mara mbili.

Mdau wa Nyamagana: Ukichota kila siku huogopi kichocho?

Naogopa. Niliugua nikiwa darasa la nne, nakumbuka mkojo. Vimelea vinatoka kwenye konokono wa majini, na vinatoka zaidi jua likiwa kali, kuelekea mchana. Kwa hiyo nachota alfajiri, nachota sehemu isiyo na matete wala magugu, na nimevaa gambuti. Jioni ndiyo shida, napunguza kwa kujaza pipa mbili asubuhi. Kuoga naoga nyumbani. Watoto wanaoga ziwani saa saba mchana wakipiga kelele za furaha, na nimechoka kuwafukuza.

Leo ni mwisho wa Septemba, naandika nikiwa nimekaa juu ya jiwe ambalo mama ameanika michembe. Pembeni kuna matobolwa; tofauti yake, michembe viazi vinakatwa vibichi, matobolwa vinachemshwa kwanza. Na kwenye ungo kuna nsansa, majani ya kunde na mgagani yaliyokaushwa, ya kupikwa na karanga siku ambazo bustani itakuwa imezama kwenye tope. Ndiyo, tope. Jana jioni kwa mbali, juu ya ziwa kuelekea Ukerewe, kulikuwa na radi bila sauti. Mama alitoka nje akaitazama muda mrefu, akarudi ndani akanambia nianze kuinua matuta.

Yale ya kamba, yaliyonyooka. Nimeanza leo.

Mdau wa Buhongwa: Na ile pampu?

Ipo, inauzwa. Kichujio nimeshakisafisha. Njoo inbox, bei tunaongea.